MTAKATIFU PAULA, MWANAFUNZI WA MAANDIKO

Tarehe 26 Januari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Paula wa Roma, mjane na mama wa watoto watano, aliyefariki Betlehemu mwaka 404. Kwa Wakristu wetu wengi Paula ni jina la ubatizo tu. Binti hupewa siku anapotiwa maji, na baadaye hapatikani wa kumweleza aliyelichukua zamani alikuwa nani. Twapenda leo kuujaza upungufu huo, na tunayo sababu ya pili iliyo kubwa zaidi. Paula ni mmoja wa wanawake waliochangia kazi ya kuipatia Kanisa la Magharibi Biblia yake ya Kilatini, iliyotumika kwa zaidi ya miaka elfu moja. Naye hakuwa mtawa tangu utoto. Alikuwa mke wa mtu, mwenye nyumba kubwa, mwenye watumishi na shughuli za kila siku. Na elimu ya Maandiko aliifuata kwa nguvu zake zote akiwa amekwisha kuolewa, kuzaa na kufiwa.

Mara nyingi twasikia ikisemwa kwamba elimu ya dini iliyo ya ndani ni kazi ya mapadre, na kwamba mwanamke Mkristu akiijua katekisimu yake, rozari yake na nyimbo za Misa, basi yamemtosha. Wasemao hivyo si watu wabaya. Wengi wao ni baba wema na mama wema. Lakini yafaa tuulize kama fikira hiyo yatoka kwa Kanisa, au yatoka kwa mazoea yetu tu. Maisha ya Paula yatatusaidia kujibu.

Paula alizaliwa Roma mwaka 347. Kwa upande wa mama yake alitoka katika ukoo wa Scipio na Gracchi, majina yaliyojulikana kwa kila mtoto wa Roma kwa sababu ya majemadari na watawala waliotoka humo. Aliolewa na Toxotius, mtu wa jamii ya juu kama yeye, wakapata mabinti wanne, Blaesilla, Paulina, Eustochium na Rufina, na mwisho mvulana mmoja aliyepewa jina la baba yake. Waliishi kama walivyoishi matajiri wa mji ule. Mama wa nyumba alivaa hariri, na alipotoka nje hakukanyaga matope ya njia, kwani watumishi walimbeba. Mwaka 379 hivi mumewe akafa. Paula alikuwa na umri wa miaka kama 32, naye alilia hata watu wakadhani atamfuata kaburini.

Katika majonzi hayo alijiunga na kundi dogo la wanawake waliokusanyika katika nyumba ya Marcella, juu ya kilima cha Aventine. Marcella naye alikuwa mjane. Mumewe alikufa katika mwezi wa saba tangu arusi yao, na mzee mmoja tajiri, aliyewahi kuwa konsuli, alipotaka kumwoa na kumwachia mali yake yote, alikataa. Akaigeuza nyumba yake kuwa mahali pa sala, mfungo na masomo. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa, wala hawakuvaa vazi la utawa kama tulijualo leo. Walikuwa wajane na mabikira wa nyumba kubwa, walioamua kwamba muda uliokuwa ukiishia katika karamu na mapambo utolewe kwa Mungu.

Mwaka 382 alifika Roma padre mmoja aliyeitwa Yeronimo, akifuatana na maaskofu Epiphanius na Paulinus waliokuja kwa mtaguso. Epiphanius alikaribishwa kukaa nyumbani kwa Paula. Papa Damasus akamweka Yeronimo kuwa katibu wake, akampa kazi ya kusahihisha Injili za Kilatini kwa kuzipatanisha na Kigiriki, maana nakala zilikuwa zimejaa makosa na kila moja ilisema yake. Yeronimo alikuwa mtu wa elimu kubwa na ulimi mkali. Aliona haya kuwatazama wanawake wa jamii ya juu, akawaepuka. Lakini Marcella hakumwacha. Alimwuliza na kumwuliza tena, mpaka akakubali kufundisha Aventine.

Tazameni basi maswali yaliyoulizwa katika nyumba ile, maana barua za kuyajibu zimehifadhiwa hata leo. Marcella alitaka kujua majina kumi ambayo Waebrania walimwita Mungu. Alitaka kujua maana ya Aleluya na Amina, maneno ambayo kila Mkristu huyatamka na wachache huyaelewa. Aliuliza juu ya vazi la efodi alilovaa kuhani wa Agano la Kale. Paula kwa upande wake aliisoma Zaburi ile ndefu, ambayo Biblia zetu za sasa zaihesabu kuwa ya 119, akaambiwa kwamba mafungu yake yamepangwa kwa herufi za Kiebrania. Hakuridhika kusikia hivyo tu. Alitaka kuelezwa kila herufi na maana yake, na Yeronimo akamwandikia barua nzima juu ya jambo hilo. Hawa hawakuwa watu waliosoma ili waonekane wamesoma. Walikuwa wakisali zaburi kila siku, nao hawakupenda kusema mbele ya Mungu maneno wasiyoyafahamu.

Huzuni ikaingia tena nyumbani kwa Paula. Blaesilla, binti yake mkubwa, alikuwa mjane kijana, mpenda nguo na kioo. Akaugua homa kwa siku kama 30, na alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Akayaacha mapambo, akashika vitabu. Alikisema Kigiriki kama aliyezaliwa nacho, na Kiebrania akakipata kwa haraka hata akashindana na mama yake. Alisoma kitabu cha Mhubiri pamoja na Yeronimo, akamwomba amwandikie maelezo yake. Lakini mwili wake ulikuwa umedhoofika, na mfungo aliojitwika ulikuwa mkali. Miezi isiyozidi minne tangu kuongoka kwake akafa. Ilikuwa mwaka 384, naye alikuwa na miaka kama 20. Katika maziko Paula alizimia njiani, na watu wa Roma wakanung'unika wazi kwamba watawa wamemwua binti kwa mfungo na sasa wanataka kumwua mama.

Hatuna haja ya kulificha jambo hili. Yeronimo mwenyewe, katika barua aliyomwandikia Paula, alikiri kwamba analia naye, kisha akamkemea kwa kulia kupita kiasi. Na baadhi ya wasomaji wa leo wataona kwamba alimkemea mapema mno. Sisi twaona mambo mawili. La kwanza, bidii isiyo na kiasi yaweza kudhuru, hata ikiwa ni bidii njema. Mwenye afya dhaifu ahitaji chakula kwanza, mfungo baadaye. La pili, elimu haikumwua Blaesilla. Kitabu cha Mhubiri alichokisoma ndicho kilichobaki, kwani Yeronimo alikamilisha maelezo aliyoombwa, akayatuma kwa jina la mama yake na ndugu yake Eustochium, miaka kama mitano baada ya binti yule kuzikwa.

Desemba ya mwaka ule ule Papa Damasus akafariki, na maadui wa Yeronimo wakapata nafasi. Fitina zikaenezwa juu yake na Paula. Agosti 385 akaondoka Roma, na baada ya muda Paula naye akaondoka pamoja na Eustochium, aliyekuwa ameweka nadhiri ya ubikira. Hapa pana sehemu ngumu kupita zote katika maisha haya. Ndugu na watoto walimsindikiza mpaka bandarini. Toxotius mdogo alisimama ufukoni akimnyoshea mama yake mikono. Rufina, aliyekuwa amefikia umri wa kuolewa, alilia kimya akimsihi angoje mpaka arusi yake. Paula aliinua macho mbinguni, yakiwa makavu, na chombo kikang'oa nanga. Wengine waliokuwamo wakatazama pwani, yeye hakuthubutu kutazama.

Je, alifanya vema? Kila mama asomaye habari hii atajiuliza hivyo, na ana haki. Hatupendekezi kwamba mama yeyote awaache watoto wake kwa ajili ya vitabu, hata vitabu vitakatifu. Wajibu wa mama ni wito uliotoka kwa Mungu huyo huyo. Watoto wa Paula walibaki kati ya ndugu zao wenye uwezo, katika mji wao, naye kabla ya kuondoka aliwagawia mali yake. Lakini haya hayafuti machozi ya ufukoni, na Yeronimo aliyeandika habari hizi hakujaribu kuyafuta. Watakatifu hawakupewa njia zisizo na miiba. Tutaona mbele kidogo kwamba mtoto yule aliyenyosha mikono hakugeuka kuwa adui wa mama yake.

Chombo kilipita Kipro, ambako Epiphanius, mgeni wake wa zamani, alimpokea kwa siku kumi. Kisha Antiokia, na toka huko, katikati ya baridi kali, mwanamke yule aliyezoea kubebwa na watumishi alisafiri juu ya punda. Yeronimo na wengine walikuwa pamoja naye. Walishuka kwa njia ya pwani ya Foinike wakafika Yeruzalemu. Liwali wa Palestina, aliyeijua jamaa yake, alimtengenezea jumba. Paula akachagua chumba kidogo. Alikwenda toka mahali patakatifu hata mahali patakatifu, na kila alipofika alilikumbuka fungu la Maandiko linalopahusu. Wengi huzuru nchi ile wakiwa na macho tu. Yeye alizuru akiwa na Biblia moyoni. Ndipo walipokwenda Misri, Yeronimo akamwuliza maswali Didymus, mwalimu kipofu wa Aleksandria, na Paula akawaona watawa wengi katika jangwa la Nitria. Alitamani kubaki huko, lakini Betlehemu ilimvuta zaidi. Mwaka 386 wakarudi kukaa.

Kwa muda wa miaka mitatu Paula aliishi katika nyumba duni huku akijenga. Alijenga monasteri ya wanaume, ambayo Yeronimo aliiongoza, na monasteri tatu za wanawake, na kando ya njia nyumba ya wageni kwa ajili ya mahujaji, akikumbuka kwamba Maria na Yosefu walipofika mji ule hawakupata mahali pa kulala. Wanawake waliokuja toka nchi mbalimbali aliwagawa katika makundi matatu. Walifanya kazi na kula mbalimbali, lakini walisali pamoja. Alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, jioni na usiku wa manane waliimba zaburi. Walishona nguo zao wenyewe na za wengine.

Na hapo palikuwa na sheria moja ambayo twaomba kila msomaji aiangalie sana. Hakuna sista aliyeruhusiwa kutozijua zaburi, na kila mmoja alipaswa kujifunza kwa moyo sehemu ya Maandiko kila siku. Wengine walikuwa mabinti wa wakuu, wengine wa watu wa chini kabisa. Paula hakusema kwamba walio wa chini wafagie na walio wa juu wasome. Fagio na Zaburi viliwekwa mikononi mwa wote.

Yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa kwanza. Alimlazimisha Yeronimo asome pamoja naye na Eustochium Agano la Kale na Agano Jipya lote, akieleza. Yeronimo alikataa kwa haya, kisha akashindwa na maombi yake. Walipofika mahali pagumu, na mwalimu akakiri kwamba hajui, Paula hakuishia hapo. Alimtaka aseme, kati ya maelezo mengi ya watu wenye elimu, yapi yaonekana kuwa na nguvu zaidi. Twapenda kuwaambia mapadre wenzetu kwamba jambo hili latuhusu sisi. Mwalimu mkubwa kabisa wa Maandiko katika Kanisa la Kilatini hakuona aibu kumwambia mwanamke kwamba hajui, wala hakukasirika alipoulizwa tena. Mkristu aulizaye hamvunjii padre heshima. Amempa kazi ile ile aliyopewa siku ya daraja yake.

Juu ya Kiebrania Yeronimo aliandika jambo la ajabu kidogo. Yeye mwenyewe alianza kukisoma akiwa kijana, kwa jasho na taabu, na kila siku alikuwa akikirudia asije akakisahau. Paula aliamua kujifunza lugha ile akiwa mtu mzima, akaipata vizuri hata akaimba zaburi kwa Kiebrania bila matamshi ya Kilatini kusikika ulimini mwake. Eustochium akafanya vivyo hivyo. Mama mjane, mwenye watoto watano, anakaa chini na kujifunza herufi mpya zinazosomwa toka kuume kwenda kushoto! Na sisi twasikia watu wa miaka 30 wakisema kwamba wakati wao wa kusoma umepita.

Matunda ya masomo hayo hayakubaki Betlehemu. Paula na Eustochium walimsukuma Yeronimo asahihishe tena kitabu cha Zaburi, kwa sababu waandishi walikuwa wamekiharibu. Katika utangulizi aliwataja wote wawili kwa majina. Zaburi zile ndizo mapadre na watawa wa Kanisa la Kilatini walizosali katika Breviari kwa karne nyingi sana, mpaka katika karne ya 20. Kwa ombi lao alianza kueleza Barua za Mtume Paulo kwa Filemoni, Wagalatia, Waefeso na Tito. Alipoanza kutafsiri Agano la Kale toka Kiebrania chenyewe, kazi iliyompa matusi mengi, vitabu kadhaa aliviweka mikononi mwao kwanza, wakiwa wasomaji wawezao kupima neno kwa neno. Tafsiri hiyo, iitwayo Vulgata, ndiyo Mtaguso wa Trento mwaka 1546 ulioitangaza kuwa ya kuaminika kwa mafundisho na mahubiri.

Palikuwa na watu waliocheka. Walisema kwamba Yeronimo huandikia wanawake kwa kuwa hapati wanaume wa kumsikiliza. Aliwajibu katika utangulizi wa maelezo ya nabii Sefania. Aliwakumbusha Hulda nabii, ambaye mfalme Yosia alituma watu kumwuliza wakati makuhani walipokuwapo. Debora aliyewaamua Waisraeli. Yudith na Esta waliookoa taifa lao. Ana na Elizabeti waliotoa unabii. Na wanawake waliomwona Bwana mfufuka kabla ya Mitume. Nasi twaweza kuongeza wengine kutoka Maandiko yale yale. Maria wa Bethania alikaa miguuni pa Yezu kama mwanafunzi, na Bwana akasema kwamba fungu lake halitaondolewa. Priskila na mumewe Akwila walimchukua Apolo, mtu hodari katika Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Timoteo aliyajua Maandiko tangu utoto, na imani yake Mtume Paulo aliiona kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Wale wanaolishika neno la Mtume juu ya wanawake kunyamaza katika makusanyiko, wasiyaache haya mengine aliyoandika yeye yule.

Paula hakuwa bila kasoro. Alitoa sadaka bila kuhesabu. Alikopa ili awape maskini, kisha akakopa tena ili alipe deni la kwanza. Yeronimo alimwonya mara nyingi, naye hakusikia. Wakati mmoja aliugua homa kali mwezi wa Julai, waganga wakataka anywe mvinyo kidogo apate nguvu, akakataa. Yeronimo akamwomba kwa siri Askofu Epiphanius amshawishi. Mzee yule alipotoka chumbani aliulizwa amefaulu vipi. Akajibu kwamba nusura mgonjwa amshawishi yeye, katika uzee wake, aache mvinyo. Twaona kwamba mwanamke huyu hakuwa rahisi kuongozwa, naye Yeronimo hakuona sababu ya kumpunguzia masomo kwa ajili hiyo.

Januari 404 mwili wake ukapoa pole pole, toka miguuni kuelekea moyoni. Alikuwa akinong'ona aya za zaburi. Alipoacha kujibu, Yeronimo alimwuliza kama ana maumivu. Akajibu kwa Kigiriki kwamba hana, na kwamba aona yote yametulia. Akafumba macho, akaendelea kunong'ona mpaka roho ilipomtoka, akiwa na umri wa miaka 56. Maaskofu walilibeba jeneza lake mabegani, wengine wakatangulia na mishumaa. Zaburi ziliimbwa kwa Kigiriki, Kilatini na Kisiria. Wajane na maskini walikuja wakionyesha nguo alizowapa, kama ilivyokuwa kwa Tabitha katika Matendo ya Mitume. Alizikwa karibu na pango alimozaliwa Bwana. Urithi wa Eustochium ulikuwa deni kubwa na umati wa watawa wa kulisha.

Eustochium akaushika uongozi, na masomo yakaendelea. Yeronimo alipotafsiri Yoshua, Waamuzi na Ruthu baada ya kifo cha Paula, alivitoa kwa binti huyo. Utangulizi wa maelezo yake ya nabii Isaya aliuandika kwa Eustochium pia, na humo ndimo lilimo neno lake lijulikanalo kuliko yote, linalofundisha kwamba asiyeyajua Maandiko hawezi kudai kwamba amjua Kristu. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulilirudia mwaka 1965, katika hati ya Dei Verbum, ulipowahimiza waamini wote wasome Biblia. Mapadre tumelihubiri mara nyingi, wala hatukuwaambia watu wetu kwamba liliandikwa katika kitabu alichopewa mwanamke.

Na yule mtoto wa ufukoni? Toxotius alikua, akaoa Laeta, mwanamke Mkristu ambaye baba yake alikuwa kuhani wa miungu ya kale. Walipopata binti, wakamwita Paula, kwa jina la bibi yake. Laeta akamwandikia Yeronimo kuuliza jinsi ya kumlea, na jibu lake latufaa hata leo. Alisema mtoto atengenezewe herufi za mti au za pembe ya ndovu, azichezee na kuzijua majina. Asikemewe akichelewa, bali apewe zawadi na kusifiwa. Akikua aanze na Zaburi, kisha Mithali, Mhubiri na Ayubu. Halafu azishike Injili asiziweke chini tena. Kisha Matendo na Barua za Mitume. Baadaye Manabii na vitabu vya historia. Na mwisho Wimbo Ulio Bora, akiwa amekwisha kukomaa asije akaufahamu vibaya. Binti huyo alikwenda Betlehemu, na alikuwa huko karibu na Yeronimo katika miaka yake ya mwisho. Hivyo vizazi vitatu vya wanawake wa nyumba moja viliishi na Neno la Mungu.

Marcella alibaki Roma. Baada ya Yeronimo kuondoka, palipotokea mabishano juu ya fungu la Maandiko watu walimwendea yeye, hata mapadre wakiwamo. Mwaka 410 Wagoti walipouteka mji, askari walimpiga mzee yule wakitafuta dhahabu aliyokwisha kuwapa maskini zamani. Alilowaombea ni binti aliyekuwa akiishi naye, Principia, asitengwe naye. Wakapelekwa wote katika kanisa la Mtume Paulo. Muda mfupi baadaye akafa.

Basi turudi kwenye swali letu. Kanisa halikuwazuia wanawake hawa, liliwaita watakatifu. Tena mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Teresa wa Avila na Katarina wa Siena kuwa Walimu wa Kanisa, cheo ambacho kabla yao hakupewa mwanamke. Wakafuatwa na Teresia wa Mtoto Yezu mwaka 1997 na Hildegard wa Bingen mwaka 2012. Januari 2021 Papa Fransisko alifungua huduma ya usomaji na ya uakoliti kwa wanawake pia, ambayo zamani ilikuwa ya wanaume tu. Mlango u wazi. Kilichobaki ni nyumba zetu.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo mara nyingi mama ndiye afunguaye Biblia na kuwasomea wengine. Mama ndiye aulizwaye na mtoto kwa nini Mungu aliruhusu hiki au kile. Mama ndiye akutanaye mlangoni na mhubiri wa dhehebu jingine, mwenye aya kumi alizozikariri. Kumwambia mama huyo kwamba katekisimu ya utoto yamtosha ni kumtuma kisimani bila ndoo.

Kwa hiyo twasema hivi. Baba wa nyumba, usiifungie Biblia sandukuni pamoja na vyeti vya ndoa; iweke mezani, na jioni moja kwa juma mshike mtoto ili mama asome. Padre wa parokia, mama akija na swali, usimjibu kwa haraka kama umwondoaye njiani. Na kama kuna nafasi ya masomo ya teolojia kwa walei, usiandike majina ya wanaume peke yao. Nawe mama, anza na Injili moja. Soma kidogo kila siku, andika usichokielewa, ukakiulize. Na ukijibiwa kwamba mwalimu hajui, fanya kama Paula, mwulize wenye elimu wamesemaje.

Dominika ya Neno la Mungu, iliyowekwa na Papa Fransisko mwaka 2019, huangukia siku zile zile za mwisho wa Januari anapokumbukwa mjane huyu. Itakuwa heshima njema kwake ikiwa katika juma hilo kila nyumba yenye Biblia itakuwa na mwanamke mmoja aliyeifungua na kuanza. Mtakatifu Paula awaombee mama zetu na binti zetu wote.